Moto Guzzi V7 Sport: walipoihamisha dinamo, pikipiki ikashuka chini

MtuWaLecco:
Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma humu kimyakimya kwa miaka mingi, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, kwa hiyo mwenye chai aivute karibu.

Naishi Lecco, kaskazini mwa Italia, nafanya kazi kwenye karakana ya vyuma. Ukipanda treni hapa kuelekea Sondrio, Ziwa Como linakuwa kushoto kwako na milima ya Grigne kulia, na muda si mrefu unashuka Mandello del Lario. Kiwanda cha Moto Guzzi kiko jirani kabisa na stesheni. Kimekuwa katika mji huo mdogo tangu 1921.

Nyuzi za pikipiki za Kitaliano humu ndani karibu zote ni za Ducati. Ni mashine nzuri, sibishi. Ila nikiambiwa nichague moja tu ya miaka ya 1970, jibu langu liko mdomoni kabla swali halijaisha: V7 Sport, iliyoanza kutoka kiwandani 1971. Na kinachonivuta zaidi ni fremu yake. Injini ilikuwa ipo tayari, tena ilikuwa inabeba mapolisi.

V7 ya kwanza ilioneshwa Milano mwishoni mwa 1965, ikaingia sokoni 1967. Injini yake aliichora mhandisi wa Guzzi, Giulio Cesare Carcano. Silinda mbili zimekaa kama herufi V kwa nyuzi 90, moja imetokeza kushoto, nyingine kulia, kila moja inapata upepo wake. Ujazo cc 703. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imelala kwa urefu wa pikipiki kama ilivyo kwenye magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma: nyuma yake klachi kavu, halafu gia boksi, halafu shafti hadi gurudumu la nyuma. Cheni hakuna. Polisi wa Italia waliitumia, na baadaye hata polisi wa Los Angeles. Ilikuwa pikipiki ya kazi, nzito, dereva amekaa wima kama yuko ofisini.

Sasa tazama kikwazo. Juu ya injini, katikati ya zile silinda mbili, ilikaa dinamo kubwa inayozungushwa kwa mkanda. Fremu ikalazimika kupita juu ya dinamo. Fremu ikipanda, tangi linapanda, dereva anapanda, uzito wote unakuwa juu. Pikipiki ya namna hiyo huwezi kuilaza kwenye kona ukiwa na amani.

Lino Tonti aliingia Guzzi 1967 kushika nafasi ya Carcano. Alishapita viwanda kadhaa kabla ya hapo, na mbio zilikuwa damuni mwake. Agizo alilopewa linakumbukwa kwa namba tatu: kilomita 200 kwa saa, kilo 200, gia 5. Tonti akaing'oa ile dinamo. Badala yake akaweka alteneta ya Bosch, inayotoa umeme kama dinamo, mbele kabisa, kwenye ncha ya krankishafti, chini ya kifuniko cha duara. Ule uwazi uliobaki kati ya silinda ndio akaupitishia mabomba ya fremu mpya, yamenyooka kama rula kutoka shingo ya usukani hadi nyuma. Pikipiki nzima ikashuka. Tangi likawa refu na jembamba, kiti kikawa chini, na ukiitazama kwa ubavu unadhani imeinama kunywa maji.

Fremu ya kwanza hakuitengenezea kiwandani. Wakati huo viwanda vya Italia vilikuwa vimeshikwa na migomo, ile vuli ya 1969 Waitaliano wanaiita vuli ya joto na moto wake uliendelea kuwaka baadaye. Tonti akafanyia kazi nyumbani kwake. Mimi nachomelea vyuma kila siku ya Mungu, na jambo hilo huniganda kichwani: fremu iliyobeba Guzzi kubwa kwa zaidi ya miaka 30 ilianzia kwenye karakana ya nyumbani.

Nitaendelea jioni nikitoka kazini.

Kijana wa Kihonda:
Mkuu umetisha, uzi umesimama. Naweka kambi hapa. Swali moja: cc zilibaki 703? Na ilikuwa na nguvu farasi ngapi?

Fundi Kisauni:
Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa tuktuk hapa Mombasa, nyingi tunazozishika ni Piaggio. Ndugu yangu, hizo silinda zimetokeza nje kama masikio, pikipiki ikianguka si zavunjika? Na injini ikitaka kufunguliwa yote, waitoa vipi katika fremu iliyobana hivyo?

MtuWaLecco:
Kijana wa Kihonda, hapana, hazikubaki 703. Baada ya V7 ya kwanza ilikuja V7 Special, silinda ya milimita 83, pistoni inasafiri milimita 70, jumla cc 757. Lakini daraja la mbio lilikuwa na mwisho wa cc 750. Kwa hiyo kwenye Sport walipunguza upana wa silinda kwa nusu milimita tu, 82.5, ikatoka cc 748. Nusu milimita hiyo ndiyo iliyoifungulia mlango wa mashindano. Kiwanda kilitangaza nguvu farasi 70, na kweli ilivuka kilomita 200 kwa saa. Kilo zilizidi zile 200 za agizo, ila kidogo.

Fundi Kisauni, wa aleikumu salaam. Wewe na mimi tuko ukoo mmoja: Piaggio ndiyo inayoimiliki Moto Guzzi tangu mwisho wa 2004. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania wanaosema bajaji, kampuni ya Bajaj ya India ilijenga Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960. Kwa hiyo chuma cha Kitaliano kimetuzunguka kuliko tunavyodhani.

Kuhusu silinda kutokeza, ni kweli zinaweza kukwaruzwa, ndiyo maana wengi hufunga vyuma vya kukinga. Faida yake utaipenda wewe kama fundi. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu, ana V7 Sport ya 1973, tangi kijani, fremu nyeusi. Siku ya kuseti valvu anachukua kistuli cha jikoni, anakaa ubavuni mwa pikipiki, kifuniko cha silinda kiko usawa wa kifua chake. Anafungua bolti, anatoa kifuniko, oili kidogo inadondokea kitambaa alichotandika. Anachomeka kile kipande chembamba cha kupimia nafasi kati ya roka na valvu, anakivuta polepole macho yameangalia pembeni, kwa sababu anasikiliza vidole. Kikiteleza kwa uzito anaoutaka anakaza nati. Kisha anabeba kistuli chake anazunguka upande wa pili. Hatoi tangi, hafungui kiti. Mimi kazi yangu huwa kuzungusha injini na kushika tochi.

Na kuitoa injini, hapa ndipo nilipomvulia kofia Tonti. Mabomba mawili ya chini ya fremu hayakuchomelewa, yamefungwa kwa bolti. Mwaka juzi mzee alitaka kubadilisha klachi. Tuliegemeza injini juu ya magogo, tukafungua yale mabomba ya chini, tukakata mawasiliano ya nyaya na kabureta, kisha watu watatu tukainyanyua fremu juu pamoja na gurudumu la mbele, kama watu wanaohamisha kitanda. Injini na gia boksi vikabaki vimekaa palepale sakafuni. Hatukuitoa injini kwenye fremu, tuliitoa fremu kwenye injini.

Fundi Kisauni:
Subhanallah. Hapo umenimaliza. Aliyechora kitu hicho alimfikiria fundi kabla hajamfikiria mnunuzi.

Mzee wa Spoki:
Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanazungumzia Guzzi. Mimi wa Tanga, nimezisoma hizi mashine kwenye magazeti tangu ujana wangu. Nikumbushe jambo: injini hii ya V ilitoka kwenye gari la jeshi la magurudumu matatu, lile waliloliita nyumbu wa chuma, lililopanda milima. Na msisahau kwamba kabla ya hapo Guzzi walikuwa na pikipiki ya silinda nane. Mwanangu mleta uzi tuelezee hiyo.

MtuWaLecco:
Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeingia, uzi umepata mtu mzima.

Hilo la nyumbu wa chuma limeandikwa kila mahali na linakubalika kirahisi kwa sababu mashine zote mbili zina injini ya V na zote ni za Guzzi. Lakini kwa heshima zote mzee, injini zile ni mbili tofauti. Ya nyumbu ilikuwa na cc 754, na haikuchorwa na Carcano. Ya V7 ni mkono wa Carcano mwenyewe.

Na silinda nane ni Carcano huyohuyo! Mtu aliyewachorea polisi injini ya kwenda kazini ndiye aliyechora injini ya ajabu kuliko zote za mbio za wakati wake. Iliitwa Otto Cilindri, ilishindana kati ya 1955 na 1957. Cc 499, silinda nane ndogondogo zimepangwa V, kabureta nane, kupozwa kwa maji. Mwaka 1957 kwenye njia ya Spa, Ubelgiji, ilifika kama kilomita 275 kwa saa. Wekeni akilini: tairi nyembamba, breki za ngoma, 1957.

Kasi ile haikutoka kwenye injini peke yake. Mwaka 1950 Guzzi walijenga pale Mandello handaki la upepo ambamo pikipiki nzima na dereva wake juu wanaweza kuwekwa na kupulizwa. Jengo hilo bado lipo. Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama mbele ya ule mdomo mkubwa wa saruji nikashindwa kuondoka, mwenzangu akaja kunivuta.

Kwenye cc 350 walichukua ubingwa wa dunia wa madereva miaka mitano mfululizo: Fergus Anderson 1953 na 1954, Bill Lomas 1955 na 1956, Keith Campbell 1957. Pikipiki hizo zilikuwa za silinda moja iliyolala, nyepesi. Wengine waliongeza silinda, Carcano akapunguza kilo. Ukijumlisha na mataji ya cc 250 unapata manane. Mwisho wa 1957 Guzzi, Gilera na Mondial wakakubaliana kuacha mbio kwa sababu ya gharama, na silinda nane ikaenda makumbusho ikiwa bado na mengi mwilini.

Mzee wa Spoki:
Marahaba mwanangu. Nimekubali marekebisho, niliyasoma hivyo miaka mingi na sikuwahi kuyahoji. Basi wape pia habari ya yule tai kwenye tangi, vijana wengi wanadhani ni urembo.

MtuWaLecco:
Hapo mzee umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Vita vya Kwanza vya Dunia. Carlo Guzzi ni fundi katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Italia. Anafahamiana na marubani wawili, Giorgio Parodi kutoka Genova, mtoto wa mwenye meli, na Giovanni Ravelli kutoka Brescia, ambaye kabla ya vita alikuwa tayari dereva wa mbio za pikipiki. Wakawekeana ahadi: vita vikiisha tutatengeneza pikipiki. Guzzi atachora, Parodi atatafuta pesa, Ravelli atashindana nazo.

Ravelli alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1919, vita vikiwa vimeshakwisha. Hakuona hata mfano wa kwanza. Wenzake wawili wakachukua alama ya marubani, tai aliyekunjua mbawa, wakaiweka kwenye pikipiki zao kwa ajili yake. Imepita miaka zaidi ya 100, na tai huyo bado yuko kwenye kila tangi linalotoka Mandello. Jirani yangu akiosha pikipiki, sehemu ya tai anaiosha mwisho, kwa kidole kilichofungwa kitambaa laini.

Baba yake Parodi, Emanuele Vittorio, alikubali kutoa lira 2,000 za kuanzia. Mfano wa kwanza uliandikwa G.P., yaani Guzzi na Parodi. Lakini herufi hizo zilikuwa pia za jina la Giorgio Parodi, naye hakutaka zisomeke kama jina lake, kwa hiyo kampuni ikabeba jina la fundi. Machi 1921 ikaandikishwa. Pikipiki ya kwanza kuuzwa, Normale, ilikuwa na silinda moja iliyolala, cc 500, nguvu farasi 8. Mafundi mtalipenda hili: upana wa silinda milimita 88, mwendo wa pistoni milimita 82. Enzi hizo karibu kila mtu alitengeneza silinda nyembamba yenye mwendo mrefu. Guzzi alifanya kinyume, na silinda ile iliyolala, kwa vipimo hivyohivyo, iliendelea kutengenezwa kwenye pikipiki yao ya Falcone hadi miaka ya 1960. Carlo Guzzi alifariki 1964. Miaka miwili baadaye kampuni ilikuwa hoi kwa madeni na ikawekwa chini ya usimamizi. V7 ndiyo iliyoibeba ikavuka.

Bi Tangi:
Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Hamburg, naendesha pikipiki mwaka wa tisa sasa. Uzi huu umenikuta pabaya kwa sababu nina V7 Sport ninayoifuatilia, inauzwa mwendo wa saa mbili kutoka kwangu. Fremu yake ni nyekundu. Muuzaji anasema ni zile za mwanzo kabisa na bei ameipandisha kwa hilo. Kaka MtuWaLecco, nitajuaje?

MtuWaLecco:
Dada, kabla hujatoa hata senti soma hapa taratibu.

Zile za mwanzo zinaitwa telaio rosso, maana yake fremu nyekundu tu. Zilitengenezwa takriban 150, kwa mkono, na fremu yake ni ya chuma chenye kromu na molibdeni, chepesi na kigumu kuliko cha zilizofuata. Rangi ya tangi ni kijani cha ndimu ambacho Waitaliano wanakiita kijani cha Legnano, kwa kuwa baiskeli za mbio za Legnano zilikuwa na rangi hiyo. Baadaye Sport za kawaida zikaja na fremu nyeusi. Sasa, rangi nyekundu inauzwa dukani na mtu yeyote mwenye kompresa anaweza kuipuliza. Rafiki wa jirani yangu aliuziwa hivyo na mfanyabiashara mmoja huku, akalipa bei ya telaio rosso kwa fremu nyeusi iliyopakwa rangi. Aligundua siku alipokwaruza chini ya tangi na weusi ukajitokeza. Mzee wa watu hakurudishiwa chochote, na mpaka leo akiongelea jambo hilo sauti inamkauka.

Angalia namba ya fremu kwenye shingo ya usukani. Za V7 Sport zinaanza na VK, na telaio rosso ndizo zenye namba za mwanzo kabisa za mfululizo huo. Ipige picha, linganisha na kadi ya pikipiki, kisha watumie wanachama wa klabu za Guzzi Ujerumani, wapo wengi na wanazijua hizi namba kama namba za simu za mama zao.

La pili ni silinda. Zilipakwa kromu ndani kutoka kiwandani. Kromu ikizeeka hubanduka vipande vidogo, na vipande vinaingia kwenye oili. Pikipiki hii haina filta ya oili ya kubadilisha, ina chujio la waya tu, filta ilikuja 1975 kwenye Guzzi 850-T3. Unaona hatari yake: kromu inazunguka na oili mpaka kwenye bearingi. Muulize kama silinda zimeshabadilishwa kuwa za Nikasil, yaani mpako mgumu wa nikeli badala ya kromu. Gilardoni, ambao nao wako hapahapa Mandello, wanazitengeneza. Kama zimebadilishwa, hiyo ni sifa kwake hata kama si za asili.

La tatu breki ya mbele. Ni ngoma, milimita 220, pande zote mbili. Ikisetiwa vizuri inashika hasa, lakini kuiseti ni kazi ya subira. Usiihukumu kwa mkamuo wa kwanza.

Halafu ukiwa umeketi juu yake, iko kwenye nyutro, vuta mafuta ghafla mara moja. Itaegemea kulia. Usishtuke, ni krankishafti iliyolala kwa urefu ndiyo inayoisukuma. Ukiwa mwendoni huisikii.

Kijana wa Kihonda:
Mkuu, kwa nini asichukue Le Mans 850? Naona hiyo ndiyo watu wengi wanaitaja.

MtuWaLecco:
Le Mans ni mtoto wa Sport, na ni mtoto mzuri. Ilitoka 1976, cc 844, kabureta za Dell'Orto za milimita 36, diski za Brembo zilizounganishwa: mkono unakamata diski moja ya mbele, mguu unakamata ya pili pamoja na ya nyuma. Fremu ni ileile ya Tonti. Wakati huo kampuni ilishanunuliwa na Alejandro de Tomaso, tangu 1973, na hesabu za gharama zilikuwa zimekaza. Mimi nikiwa na Le Mans nitaitunza. Ila Sport ndiyo iliyochorwa wakati hakuna aliyejua kama itawezekana, na ukiwa umepiga magoti kando yake unaona mahali ambapo Tonti alifikiri: bomba linapita pale ambapo dinamo ilikuwa.

Bi Tangi:
Nimerudi kaka. Jumamosi nilikwenda na tochi na kioo kidogo. Namba inaanza na VK, lakini iko mbali kabisa na zile za mwanzo, na nilipomulika chini ya tangi, karibu na bolti ya nyuma, weusi unaonekana chini ya wekundu. Nilimwonesha muuzaji. Alinyamaza muda, akasema yeye aliinunua hivyo. Silinda ni za Gilardoni, ana risiti.

Bei imeshuka hadi ya fremu nyeusi, na nimeichukua. Mzee wa nyumba ya jirani naye alitoka kuja kutazama wakati naiwasha. Nilivuta mafuta, ikaegemea kulia.